Mikono Isiyojua Moto

Mwoka mikate yule watu walimwita Chuma, na jina lilimkaa vizuri kuliko aproni yake. Alikuwa akiingiza mikono mitupu tanurini na kutoa trei ya mikate, huku wateja kwenye foleni wakimpigia makofi. Miaka miwili nyuma alishikia matambara kama watu wengine. Kisha moto ukaacha kumsumbua, naye akajiaminisha kwamba uanaume wake umekomaa.

Asubuhi moja mdogo wa mkewe, muuguzi, alipita kununua mkate. Wateja wenzake walipiga makofi. Yeye alikodolea macho malengelenge ya mikono ya Chuma.

“Shemeji, haya hayakuumi?”

“Kuumwa ni kwa wenye nafasi.”

“Hebu kaa, fumba macho. Nitakuchoma kidogo kwa pini. Ukisikia, sema.”

Chuma akafumba macho, akiwatabasamia watazamaji. Akasubiri, akasubiri.

“Anza basi, mikate inaungua!”

“Nimeshamaliza, shemeji. Mara sita.”

Foleni nzima iliangua kicheko. Muuguzi hakucheka.

“Ukigusa moto,” alisema, “mishipa ya fahamu ya kidoleni hupeleka habari mbio hadi uti wa mgongo. Uti hausubiri ruhusa ya ubongo. Unaiamuru misuli, mkono unaruka, ndipo ubongo unapoambiwa kuwa umeungua. Kwako habari haiondoki kidoleni.”

“Kwa hiyo ubongo wangu mbovu?”

“Ubongo mzima. Umekosa tu wa kuuletea habari.”

Zahanati ilikuta sukari imejaa kwenye damu. Ndiyo iliyokuwa ikiila mishipa ya fahamu kimyakimya. Daktari alisema iliyokwisha kuharibika huenda isirudi, ila iliyobaki ilindwe. Akampa dawa, na amri ya kuvaa glovu nene.

Siku ya kwanza ya glovu, mteja mmoja alinong’ona kwa sauti ya kusikika, “Kumbe naye kalegea!” Chuma, aliyeshangiliwa miaka miwili kwa ugonjwa, akaona haya kwa kutibiwa. Akaanza kuzivua.

“Zivue uone,” mkewe alisema, bila kuacha kuhesabu mikate. Akazirudisha.

Jumamosi shemeji akaja kumkagua miguu, kwani sukari huila mishipa ya huko pia.

“Miguu haina neno,” Chuma alijitapa. “Natembea kama kijana.”

Muuguzi alimvua kiatu cha kushoto, akaingiza mkono ndani, akautoa upesi. Msumari ulikuwa umetokeza kwenye soli.

“Umevaa hivi tangu lini?”

“Jumatano,” Chuma alijibu kwa sauti ndogo, akiutazama mguu wake kama mgeni asiyemfahamu.