Fungu la Afande

Tangu asubuhi fundi cherehani hakutulia kitini. Akishona mishono miwili anainuka, anachungulia uani. Mbuzi wake wa maziwa alikuwa bado anazunguka, kichwa kimelala upande, akigonga ukuta kama mlevi anayetafuta mlango. Huyu alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza walichinjwa kabla hawajajifia, na fundi, ambaye mdomo wake hauna breki, akamvaa wifi yake wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiwakatia majani: "Unawalisha nini mbuzi wangu, wewe?" Tangu siku hiyo wifi hakukanyaga kwake, na walikuwa chanda na pete. Jambo hilo lilimkera fundi kuliko mbuzi wenyewe.

Daktari wa mifugo alikuja, akamkagua mbuzi, akatikisa kichwa. Wakamchinja. Daktari akapasua fuvu kwa shoka dogo, na ubongoni pakaonekana kifuko cha maji, kikubwa kama yai, chenye madoa meupe.

"Kizunguzungu hiki," alisema. "Mbwa akila kichwa kama hiki kibichi, anapata tegu tumboni. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaangukia majani, mbuzi anayala, mdudu anapanda mpaka ubongoni. Nani hapa anampa mbwa vichwa?"

Afande, mbwa wa fundi, alikuwa ameketi kando yao akipigapiga mkia chini, anangoja fungu lake. Fundi ndiye aliyemzoesha: kila akichinja, kichwa ni cha Afande, kwa kuwa analinda nyumba zote mbili. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

"Mimi, daktari."

"Basi mpe dawa ya minyoo leo leo. Na hicho kichwa kichome moto."

Alikichoma mwenyewe, kisha akaenda kwa wifi mbio mbio, akipanga maneno njiani na kuyapangua.

Wifi alifungua mlango nusu. "Leo nimelisha nini tena?"

"Nisamehe, wifi yangu. Ni mbwa wangu. Ni vile vichwa."

"Vile nilivyokuomba nipike supu, ukaniambia Afande ana haki yake?"

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Nyuma ya bega la wifi, uani, mbuzi wa pekee wa nyumba ile alikuwa anazunguka kigingi, pole pole, kichwa upande.

"Tangu juzi," wifi alisema. "Niliogopa kuja kukwambia. Ungesema nimemlisha mwenyewe."