Simu Niliyoikata

Asubuhi ile nilikuwa naosha tangawizi mferejini, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya mlimani. Simu ya mama nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga. Mama mwenyewe alishuka Hedaru sokoni na gunia, akaniachia simu isije ikamdondoka kwenye lori. Ukungu ulikuwa bado umeilalia Mhezi, hata nyumba ya jirani huioni. Simu ikaita. Namba ndefu, inaanza na tarakimu nisizozijua.

Mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akiniita kusoma mbele ya darasa, sauti inagoma kutoka. Kwenye simu ndiyo kabisa. Nikaiacha ikaita hadi ikakatika. Ikaita tena, nikapokea na udongo wangu mkononi.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua ni nani.

"Marahaba. Hapo ni nyumbani kwao Elirehema?" Sauti ya mwanamume, Kiswahili kilichonyooka cha ofisini. "Napiga kutoka ubalozini, nje ya nchi. Kuna kijana huku amekamatwa. Anasema kwao ni Mhezi, Same. Mnamfahamu?"

Elirehema ni kaka yangu, tumezaliwa wawili tu. Lakini mimi nilijua kaka yuko Dar, anatafuta kazi. Miezi mitano hatujamsikia, ila Dar ndivyo ilivyo, inameza watu halafu inawatapika Krismasi. Ubalozi wa nini?

Halafu kulikuwa na jambo la Jumapili. Wiki mbili kabla, mama Fortunata, jirani yetu, alipigiwa simu kwamba mwanawe yuko rumande Hedaru. Akauza mbuzi wake wote, akatuma hela, kumbe mwanawe yuko shambani analima. Basi baada ya ibada, mwinjilisti Lukasi akasimama nje ya kanisa kwenye matangazo, akatufundisha kama watoto wa kipaimara.

"Mtu akikupigia, ndugu yako amekamatwa, unasemaje?"

"Simjui!" tukaitikia.

"Halafu?"

"Nakata!"

"Halafu namba unaifungia asikusumbue tena."

Mzee Tumainieli akauliza kutoka nyuma, "Na kama kweli amekamatwa?"

"Basi huyo atajijua mwenyewe," mtu akajibu. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Kwa hiyo pale mferejini nilijibu kama tulivyofundishwa. "Simjui."

"Una uhakika, binti? Jambo hili ni zito."

"Simjui," nikarudia. Nikakata, nikaifungia namba. Nilijisikia mkubwa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemjibu mtu mzima bila kigugumizi. Nilipanga kumwambia mama jioni nijisifu kidogo, ila alirudi amechoka, akalala na viatu miguuni. Kesho yake nikasahau.

Ukapita karibu mwaka.

Aliyetuletea habari ni mtendaji wa kata, na wakili Victoria ndiye aliyetueleza, kwenye chumba chake kidogo pale Same. Joto la Same si la watu wa mlimani. Mama aliketi ukingoni mwa kiti kama anayetaka kuondoka. Baba mdogo Aminieli alishika kofia kwa mikono miwili.

Kaka alikamatwa uwanja wa ndege huko Asia, na begi alilopewa na mtu, ndani yake dawa za kulevya. Pasi aliyokuwa nayo haikuwa ya kwetu na jina halikuwa lake. Nchi yenye pasi ile ikamkana. Mahakama ikamhukumu kunyongwa.

"Kuna mkataba, mama," wakili alisema taratibu. "Wakimkamata mgeni, wamwambie ana haki ubalozi wake ujulishwe. Akitaka, waujulishe. Kwa Elirehema waliufuata mkataba. Akasema yeye ni Mtanzania, akataja namba moja tu anayoijua kwa kichwa. Yako. Ubalozi wanasema walipiga, nyumbani wakamkana. Ndiyo maana alisimama mahakamani peke yake. Sasa ubalozi wakimtambua, wataweza kumsemea kwenye rufaa. Wasipomtambua, hana nchi."

"Walipiga simu hii?" Mama aliinyanyua. "Waongo. Mimi nimkane mtoto niliyemzaa?"

"Andika hivyohivyo, wakili," baba mdogo akasema. "Hakuna aliyepiga."

Wakili akanigeukia. "Na wewe Dorkas, una la kuongeza?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa na neno, lilikuwa limefika hapa kwenye meno. Nikatikisa kichwa.

Mama akaenda akaapa mbele ya hakimu. Kiapo kikatumwa pamoja na cheti cha ubatizo cha kaka. Sisi tukapanda mlima kurudi nyumbani.

Wiki ya tatu wakili akapiga. Mama aliweka sauti ya nje, kama kawaida yake.

"Mama, samahani, sitaki kukuvunjia heshima. Ubalozi wana kumbukumbu. Simu ilipokewa, wakaongea, halafu wakajaribu tena mara nne haikupita. Wewe umeapa haikupigwa. Sasa wanatilia shaka kiapo chote, mpaka cheti. Mwisho wa kupeleka karatasi ni kesho, Ijumaa."

Mama akakata simu. Aliketi kwenye kigoda jikoni akatazama mikono yake.

"Dorkas," akasema baadaye, "mtu anaweza kupokea simu akasahau? Labda nilikuwa na usingizi. Labda ni mimi nilisema simjui."

"Hapana, mama."

"Wewe unajuaje? Akili yangu inaniacha, mwanangu. Nimemuua Eli kwa mdomo wangu mwenyewe."

Nikaichukua simu magotini kwake. Nilijua nikifungua mdomo sitamaliza, basi nikaandika. *Wakili shikamoo. Ni Dorkas. Mama hakudanganya, hakujua. Mimi ndiye nilipokea nikasema simjui, nikaifungia namba. Nilidhani ni tapeli. Elirehema ni kaka yangu, tumbo moja. Nitaapa popote.*

Sikutuma. Nilimpa mama kwanza.

Alisoma huku midomo ikisogea, neno kwa neno. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Nilisubiri kofi, au kilio. Akanirudishia simu.

"Tuma," akasema. Hakunitazama.

Nikatuma. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Mama akanyanyuka, akachukua ndoo akaenda kuteka maji, na ndoo nyingine ilikuwa imejaa pale pale mlangoni.

Ijumaa nzima alama ya tiki kwenye ujumbe ilibaki moja, haujamfikia. Nilipiga, simu ya wakili haipatikani. Jumamosi asubuhi zikawa mbili, za bluu: ameusoma, na siku ya mwisho imeshapita. Leo Jumatano. Mama hajaniuliza, lakini simu analala nayo kifuani, na kila akiamka ananipa nimwangalizie. Ujumbe wangu uko pale chini kabisa, na baada yake hakuna kitu.