Gervais Akataa Kukosea Tarehe

Usaili wa tatu wa kazi ulipomtupa nje Gervais, binti yake Laurette alimwambia kwamba safari hii watafanya mazoezi. Akaondoa sahani mezani, akaketi upande wa dirisha, akashika karatasi ya maswali aliyoichapisha shuleni. Alikuwa na miaka kumi na saba. Kiswahili cha baba yake alikielewa chote, lakini kila mara alijibu kwa Kiingereza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kusini mwa London. Gervais alikuwa amesafisha maofisi kwa miaka minane, akitoka Peckham kwa basi la alfajiri, na magoti yake yalikuwa yamechoka kupiga deki.

"Tueleze kuhusu siku uliyokutana na tatizo kazini," Laurette alisoma.

Gervais alinyoosha mgongo, akaweka viganja juu ya meza.

"Ilikuwa tarehe kumi na moja mwezi wa pili, siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Tulikuwa watu wawili. Mimi nilisimama karibu na mlango."

Laurette alicheka. Kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamkauka. Baba yake hakuwa akimwangalia yeye. Alikuwa akiangalia ukuta nyuma yake, na sauti ile haikuwa ya nyumbani.

"Papa, kwa nini unaongea hivyo? Hawa hawakushitaki. Wanataka kukufahamu tu."

"Ndivyo wanavyouliza hapa," Gervais alisema.

"Nani?"

Mvua ilikuwa ikipiga kioo. Gervais alimweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote, hata mchungaji wao. Usaili wa kwanza maishani mwake ulikuwa ule wa kuomba hifadhi. Afisa alimwuliza kaka yake aliuawa siku gani, akasema Jumanne. Baada ya miezi kadhaa akaulizwa tena, akasema Jumatano. Barua ya kumkatalia ilitaja siku hizo mbili, na ikasema kwamba maneno yake hayaaminiki.

"Nikakata rufaa. Ikachukua miaka minne kabla hawajanipa karatasi za ukimbizi. Bila karatasi sikuweza kuwaita ninyi."

Laurette alihesabu kimoyomoyo. Baba yake alimwona akihesabu. Mama yake alikufa kwa kipindupindu huko kwao Uvira, kando ya ziwa, katika mwaka wa tatu wa kungoja. Laurette mwenyewe alifika London akiwa na miaka tisa, peke yake, begi moja mkononi, na siku zote alidhani kwamba walicheleweshwa kwa sababu tu serikali ilikuwa na kazi nyingi.

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya Jumanne," alisema.

"Ni kwa sababu yangu."

Laurette hakumwambia kwamba si kweli. Alikunja karatasi ya maswali, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Mazoezi yakaishia hapo.

Siku ya usaili Gervais alikwenda bila kuagwa. Walimhoji watu wawili: kijana aliyeandika bila kuinua kichwa, na msimamizi wa idara, mama wa Kihindi aitwaye Leena. Leena alimwuliza kama amewahi kumhudumia mtu aliyejawa na hofu.

"Ilikuwa tarehe..." Gervais alianza. Kalamu ya kijana ikangoja. "Tarehe siikumbuki," alisema. Hakuwahi kutamka maneno hayo mbele ya mtu wa ofisi.

"Haidhuru," alisema Leena. "Endelea."

Akaendelea. Mlinzi mmoja mzee alianguka kwenye ukumbi ambao Gervais alikuwa akiusafisha. Gervais alikaa chini kwenye maji ya sabuni, akamwekea kichwa juu ya mapaja yake. Kiingereza kilimkimbia, akamsemesha kwa Kiswahili mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mlinzi hakuelewa neno hata moja, ila aliacha kutetemeka.

"Alipona?" Leena aliuliza.

"Alikufa njiani. Lakini hakufa akitetemeka."

Alhamisi simu ikalia: kazi ni yake, aanze mwezi ujao.

Laurette alipotoka shule alimkuta mezani, koti bado mwilini.

"Wamenichukua," alisema.

"Hongera, Papa." Aliketi. Siku tisa hawakuwa wameongea zaidi ya salamu. "Utapewa likizo?"

"Watanipa."

Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Laurette alimsemesha kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno. "Basi tuende. Nataka kuona kaburi la mama."

Gervais alivua koti, akalikunja mapajani. Shangazi yake Laurette aliyebaki Uvira alikuwa amempigia simu mwaka uliopita kumweleza jinsi ziwa lilivyopanda, na mtaa mzima wa chini, pamoja na makaburi, ukaingia majini. Jambo hilo pia alikuwa amelificha.

"Laurette," alisema, "kaa kwanza nikuambie."

"Nimekaa," alisema Laurette.

Akamwambia.