Meza ya Mtemi

Ukiingia kwa Maulidi hapa Kahama kunywa chai, ulikuwa umejitakia mwenyewe. Kikombe hukipati mpaka usikie habari za meza. Ilikuwa ya mtemi, alisema, na mtemi alizawadiwa na bwana mkubwa wa Kijerumani. Utemi ulipofutwa baada ya uhuru, Maulidi akaipata kwa kubadilishana na cherehani yake. Ilikuwa nyeusi, nzito, miguu imechongwa makucha ya simba. Ukiinua mabawa yake, wanakula watu wanane. Ukigeuza ubao wa juu, upande wa pili una kitambaa cha kijani cha kuchezea karata. Ukivuta droo, unatokea ubao wa kuandikia.

"Na hili doa ni divai ya mtemi," alikuwa akituambia. Mimi Mwaisha, jirani yake ukuta kwa ukuta, nalijua doa lile. Ni mchuzi wa Idi, na aliyeumwaga ni Maulidi mwenyewe. Mwenye raha zake mwache.

Mkewe Mwahija hakujali utemi. Kila alfajiri alisukuma chapati juu ya meza ile, akaenda kuziuza stendi ya mabasi. Maulidi alipougua, chapati hizo ndizo zilizoilisha nyumba.

Maulidi akafa. Siku ya kuanua matanga, Abdu, mdogo wake kutoka Mwanza, akasimama mbele ya watu. Lori alikuwa keshalipata.

"Shemeji, meza ya kitemi ni heshima ya ukoo. Haiwezi kukaa inapakwa unga. Naondoka nayo leo."

Mwahija akainamisha kichwa. Hana mtoto, hana ndugu wa karibu, na sasa hata pa kusukumia chapati hana. Wazee wakakohoa tu. Mimi nilichemka, lakini jirani hana kauli katika mambo ya ukoo.

Ndipo akaingia Nkwabi, Msukuma wa Tinde. Maulidi alikuwa Mzaramo, kama mkewe, na Wasukuma na Wazaramo ni watani; wawili hao hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana. Nkwabi akasikiliza, akaitazama meza, akapanda juu yake na makatambuga yake ya matairi, akajilaza chali na kujifunika khanga.

"Mwahija! Chai haina sukari!" akafoka kwa sauti ileile ya Maulidi, hata kikohozi chake. "Na ninyi, mnanigawa hata sijapoa?"

Matanga yakageuka kicheko. Abdu peke yake hakucheka.

"Mzee Nkwabi, shuka. Lori linangoja."

"Hata shikamoo hunipi, Mzaramo wewe! Meza nimeikamata kwa utani. Ikomboe."

Abdu akanywea. Mtani akishika kitu msibani, hakasirikiwi wala hanyang'anywi. Hupewa anachotaka ndipo akiachie.

"Unataka nini? Mbuzi?"

"Chapati moja. Isukume mwenyewe, hapa hapa. Ikitoka duara, beba meza yako."

Abdu akakunja mikono ya shati, akapambana na unga mpaka jasho likamtoka. Chapati ikatoka na pembe tano.

"Hiyo ni ramani ya Uzaramo," Nkwabi akasema.

Mwahija alicheka mpaka akashika ukuta, mara ya kwanza tangu mazishi. Lori liliondoka na Abdu peke yake.

Nkwabi naye hakuichukua. "Meza ni yangu, ila mlango wangu mwembamba. Nitunzie, shemeji. Kila nikija Kahama, kodi yangu chapati moja." Alilipwa miaka mingi, na kila mara alilalamika kwamba ina mabonde.

Mwaka themanini na moja tukaletewa habari kwamba Nkwabi amefariki. Mwahija akasukuma chapati, tukapanda basi la Tinde. Mtani haendi msibani kulia, anakwenda kuchekesha, na njia nzima alikuwa akijipangia matusi yake. Akafika mbele ya jeneza, akafunua kikapu.

"Msukuma mvivu wewe, amka uchukue kodi yako! Leo haina bonde hata moja."

Watu wakacheka. Mwahija naye alitaka kucheka. Akajifunika uso kwa khanga, akalia kama aliyefiwa na kaka, na hakuna mtani aliyethubutu kumtania.