Weusi Chini ya Chupa

Mtumbwi ulikuwa umeshauacha ukingo wa Lubunga, pua imeelekea mjini, Mama Mwanahamisi alipompigia mwanawe kelele juu ya maji.

"Hamadi, hayo maji ya mihogo unapeleka wapi, weye?"

"Kwa mafunzo ya walimu, mama. Tutaangalia vile inachacha."

"Basi uwaambie ni ya Mwanahamisi. Wajue kwanga yenyewe."

Abiria wakacheka. Nani Lubunga hakuijua kwanga yake, ile mihogo iliyolowekwa, ikatwangwa, ikafungwa kwa majani na kuchemshwa? Saa ya mapumziko watoto wa shule ya Hamadi waliipangia foleni. Wamama wengine walingoja mihogo ilainike siku tatu, nne. Ya kwake ililala pipani usiku mmoja tu, asubuhi laini. Watu walisema ana mkono wa kuzaliwa nao. Hamadi, mwalimu wa darasa la tano, aliibeba chupa ya maji yale mapajani kama aliyepakata mtoto.

Kwenye mafunzo aliwakuta wenzake na chupa zao. Madame Orpha, mwanamke mfupi aliyetoka Yangambi kuwaonyesha walimu namna ya kufundisha sayansi kwa vyakula vya nyumbani, alizipanga zote dirishani.

"Bon. Tunywe chai, zitulie."

Waliporudi, kila chupa ilikuwa na tope jeupe chini. Moja tope lake lilikuwa jeusi.

Timothée, mwalimu kutoka mtaa wa Tshopo, akainama. "Nani huyu ametuletea makaa?"

Walimu wakacheka. Madame Orpha alimwaga maji polepole, akaupaka ule weusi kwenye karatasi. Yeye hakucheka.

Hamadi akatazama. Weusi ule aliujua. Kila mwaka kabla shule haijafunguliwa, yeye mwenyewe huvunja betri kuukuu za redio kwa jiwe, akautwanga ule unga wa ndani pamoja na majani ya mihogo, akapaka ubao uwe mweusi tena. Kucha zake hukaa nao siku nyingi. Betri zilizobaki mama yake huziomba. "Niletee zile zilizokufa," husema, naye humpelekea mfukoni, bila kuuliza za nini.

"Ni betri," akasema.

"Unajuaje?"

"Ni dawa ya ubao, Madame."

Hapakuwa na mwalimu pale ambaye hajawahi kupaka ubao. Timothée akaangalia vidole vyake.

"Na chupa ni ya nani?" akauliza Madame Orpha.

Angeweza kunyamaza, chupa hazikuwa na majina. Lakini mapumziko yalikaribia, na Rachida, binti yake, alikuwa kwenye foleni ile.

"Ya mama yangu," Hamadi akasema. "Watoto watakula sasa hivi."

Alivuka bila kungoja mtumbwi ujae. Mama yake alikuwa langoni pa shule, sinia limebaki majani matupu. Rachida alikuwa akilamba vidole.

"Mama, betri unatia kwa mihogo?"

"Natia ndani ya pipa, ndiyo. Inalainisha haraka." Alimtazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. "Si weye unaniletea? Miye nilifikiri unajua, mwalimu mzima."

Hamadi akakaa chini, palepale vumbini, mbele ya wanafunzi wake.

Madame Orpha alilipeleka tope lile kupimwa, jibu likarudi kwamba ni sumu ya madini. Timothée sasa anafundisha somo la chupa dirishani kwa wanafunzi wake. Mama Mwanahamisi bado anauza kwanga, mihogo yake inalala siku nne, na wateja wamepungua. Rachida hajaugua. Hospitali walisema hawawezi kujua ya mbele. Hamadi angali anafundisha darasa la tano. Ubao wake umekuwa wa kijivu, chaki haionekani vizuri, na hakuna aliyeupaka.