Mikeka Miwili ya Dancille

Kwenye vilima vya juu ya Kashuga, miaka ile ya hamsini na kitu, mwanaume alipimwa kwa kigega chake. Kigega ni ghala la maharage, husukwa kwa mianzi na kuezekwa nyasi, na kadiri kilivyokuwa kirefu ndivyo mwenyewe alivyosalimiwa kwa adabu. Ndayambaje, baba yake Dancille, alikuwa fundi wa kusuka, na kigega chake kilionekana tangu ng'ambo ya bonde. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila mwaka alikirefusha kidogo na kukipunguza upana, na kila mwaka maharage yalibaki nje, yakatiwa kwenye vyungu, yakaliwa na wadudu. Mkewe aliyaona hayo na kunyamaza. Utamwambiaje mtu kwamba sifa yake ndiyo inayowalaza watoto na njaa?

Dancille alikuwa darasa la nne katika shule ya misioni. Hata kabla maharage hayajakauka shambani, baba yake alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

"Kisha mavuno utabakia nyumbani," alisema. "Masomo ya mutoto muwanamuke iko na mupaka. Mama yako iko na mutoto mudogo, nani atamubeba?"

Dancille aliumia sana. Kulima hakukumchosha, wala kubeba mtoto. Alichokipenda shuleni ni kwamba kule mtu aliweza kuuliza jambo, na badala ya kufukuzwa akatafute kuni, akaulizwa na yeye jambo jingine.

Mwalimu wao, Raphaël, alikuwa kijana wa Walikale, mtu wa msituni. Tangu misioni imlete milimani alikuwa hajaacha kushangaa. Alishangaa baridi, alishangaa ng'ombe, na zaidi ya yote alishangaa vigega. Kwa nini vyembamba hivi? Alipouliza watu wazima walimcheka. Basi akalipeleka swali lake darasani, mahali ambapo hakuna wa kumcheka mwalimu.

Katika saa ya kazi ya mikono aliwasukisha mikeka midogo, kila mtoto miwili iliyolingana, urefu wa kila mmoja mara mbili ya upana wake. Ilipokwisha, alichukua mikeka ya Dancille kwa kuwa ilisukwa vizuri kuliko yote. Mtoto wa fundi, ungetarajia nini? Mmoja akaukunja ukawa bomba refu jembamba. Wa pili akaukunja kwa upande mwingine, ukawa bomba fupi nene.

"Sasa," akasema, "bomba gani inabeba maharage mingi?"

"Iko sawasawa!" darasa zima likaitika.

"Sababu gani?"

"Mukeka njo ule ule, Mwalimu!" akajibu Damien, mtoto wa Sebarenzi wa kilima cha pili, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea.

Mwalimu hakubisha. Alisimamisha lile jembamba ndani ya lile nene, akamimina maharage katika jembamba mpaka yakafika mdomoni. Kisha akalivuta juu polepole. Maharage yakaporomoka, yakatandazika ndani ya lile nene, yakatulia. Watoto wakasukumana kuchungulia. Yalifika nusu tu.

Darasa likalipuka. Wengine walisema maharage yametoroka chini, wakainua mkeka kuyatafuta. Dancille hakuinua mkeka. Alikuwa akiwaza kigega cha baba yake.

Hakungoja kuambiwa. Siku ileile, yeye na rafiki yake Élisabeth walijificha nyuma ya shule na maganda ya mgomba. Walitaka kujua: je, ukilipasua lile bomba nene katikati, vipande ukaviunga viwe duara kubwa zaidi, litabeba mengi zaidi au litaanza kupungua? Wakapasua, wakaunga, wakajaza mchanga, wakapasua tena, na kila mara bomba lilibeba zaidi. Walichelewa kufika nyumbani, wote wawili wakagombezwa, na wote wawili walicheka njia nzima.

Alipofika alimkuta baba yake uani. Ukuta wa kigega kipya ulikuwa umekwisha kusukwa, umelala chini kama mkeka mkubwa, ukingoja kukunjwa na kusimamishwa. Mama yake, Mukamurenzi, alikuwa kando akipeta maharage, mtoto mgongoni.

"Papa," Dancille akasema, "niombe maharage kidogo?"

"Ya kufanya nini?"

"Nikuonyeshe kitu. Haitapotea hata moja."

Akatoa mikeka yake miwili. Ndayambaje, kwa kuwa ni fundi, aliitazama kwanza kazi. Akaiweka mmoja juu ya mwingine, akalinganisha pembe, akageuza, akakubali kwa kichwa kwamba inalingana. Hapo alikuwa ameshaingia mtegoni. Dancille alikunja, akasimamisha lile jembamba ndani ya nene, akamimina, akavuta.

Ndayambaje alitazama ndani. Akaingiza mkono. Akainua kila kitu, akatazama chini, hata chini ya miguu ya binti yake akatazama.

"Rudilia," akasema.

Akarudia.

"Leta, nifanye miye mwenyewe."

Akafanya mwenyewe, na maharage yakamtii kama yalivyomtii mtoto. Kusikia si kuona, na huyu alikuwa ameona. Alisimama akiutazama ukuta wake uliolala uani, na uso wake ukawa wa mtu anayehesabu vyungu vyote vilivyoliwa na wadudu. Mukamurenzi alijifanya bado anapeta, lakini ungo haukutoa sauti tena.

"Kumbe," Ndayambaje akasema mwishoni, "miaka yote nilikuwa ninajenga upepo." Akamgeukia binti yake, na macho yake yalikuwa na fahari ya kweli. "Nitakisimamisha kipana. Nyasi ya kuezeka itakuwa mingi, lakini tutakata. Asante, mwanangu. Na sasa nimeona: shule imekutosha. Mwenye anajua hivi, anaenda tena kutafuta nini kule?"

Dancille aliitazama mikeka yake. Alikuwa amedhani anafungua mlango, kumbe aliufunga kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yalimlenga. Angekuwa mjinga, labda wangemwacha aendelee!

Lakini baba yake alikuwa hajamaliza kuutazama ule ukuta. Aliuzunguka. Akachutama, akapitisha kidole katikati yake, kama anayetafuta mahali pa kupasulia.

"Sikia," akasema. "Na kama ninaikata hapa katikati, ninaunga, inakuwa pana zaidi na fupi zaidi. Itabeba mingi kuliko hii, ao itaanza kupunguka? Lazima iko na mahali inakatala."

Dancille alijua. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na maganda ya mgomba nyuma ya shule yalikuwa ushahidi. Akafungua mdomo. Papo hapo kisigino cha mama yake, aliyekuwa amesogea na ungo wake, kikatua juu ya vidole vyake vya mguu, kwa uzito wote wa mama na wa mtoto aliyebebwa.

"Huyu iko darasa ya ine tu," Mukamurenzi akasema kwa upole. "Hiyo atajulia wapi? Si wanaifundishaka ya tano?"

Dancille akamtazama mama yake. Mama hakumtazama.

"Njo vile, Papa," akasema, maumivu yakimsaidia kuweka uso wa huzuni. "Iko ya ya tano."

"Ya tano inaanza lini?"

"Kisha konje, masomo ikifunguka tena."

Ndayambaje akaguna. Akautazama ukuta, akautazama mwanzi mkononi mwake, akakuna kidevu. Ungemhurumia. Mtu akishajua kwamba kuna jambo asilolijua kuhusu kazi yake mwenyewe, chakula hakimshuki.

"Haizuru," Mukamurenzi akaongeza, akirudia ungo wake. "Mutoto wa Sebarenzi yee anaingia ya tano. Tutamuuliza Sebarenzi."

"Sebarenzi!" Ndayambaje akasimama wima. "Miye niende kwa Sebarenzi kuulizia kigega? Sebarenzi mwenye hajue hata kusuka kitunga?" Akamnyoshea binti yake ule mwanzi. "Weye utaenda ya tano. Utakaa kule mpaka wakufundishe. Na siku utajua, usiambie mutu mwingine mbele ya kuniambia miye. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Akaenda kisimani akichechemea, mtungi kichwani, akiuma midomo asicheke wala asiseme. Na yeye ambaye hajawahi kukaa na jibu mdomoni tangu azaliwe, lile alilibeba konje nzima.