Ukucha wa Bunduki ya Shangazi

Asubuhi ile Baba Mkubwa alikwenda kung'olewa jino, akaniachia ufunguo wa karakana kwa mara ya kwanza. Shahada yangu ya ufundi mitambo ilikuwa na miezi minne, na aproni yangu niliipiga pasi mwenyewe. Karakana yetu iko nyuma ya uwanja wa klabu ya kulenga shabaha. Ni chumba kimoja chenye dirisha moja, na meza ndefu iliyotandikwa blanketi ili vitu vidogo visidunde vikapotea. Bunduki za wanachama huletwa pale zikiugua.

Saa mbili Shangazi aliingia na ya kwake begani. Yeye ni mdogo wake Baba Mkubwa, ni mwalimu wa hesabu, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya klabu, yule anayeshika miavuli na chupa za maji za wenzake. Mwezi huo mchezaji mmoja alihama, na Shangazi akapata nafasi. Mashindano yalikuwa siku hiyo hiyo mchana. Ila kwanza, saa nne, kulikuwa na ukaguzi: kila bunduki ifyatue risasi tano mbele ya mkaguzi. Ikikwama hata mara moja inatolewa, na mwenyewe anatoka nayo, kuazima hakuruhusiwi. Aliyekuwa akiisubiri nafasi hiyo ni jamaa tuliyemwita Bwana Pasi, kwa kuwa nguo zake hazijawahi kukunjamana. Tayari alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, glavu mkononi.

"Jana imekwama mara tatu," Shangazi alisema. "Baba yako mkubwa yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kwa daktari wa meno, ila mimi nipo.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka aproni. "Haya, msomi. Mimi nimekubeba mgongoni ukiwa na nepi. Leo nibebe wewe."

Nilitamani mno kumbeba. Bunduki yake ni ya nusu otomatiki: ukivuta kifyatulio mara moja inatoa risasi moja, inatupa nje ganda tupu, kisha inajipakia nyingine. Yake ilifyatua vizuri, lakini ganda lilibaki ndani. Kinacholivuta nje ni ukucha mdogo wa chuma, mdogo kuliko punje ya mahindi, unaoshika ukingo wa ganda. Niliutoa nikauangalia kwa lenzi. Ncha yake ilikuwa imemeguka. Nilifurahi kama mtu aliyetabiri mvua ikanyesha.

Rafuni kulikuwa na bati zuri la biskuti, mfuniko wake wa maua, ndani kitambaa chekundu, kila kipuri kimelazwa juu ya kijikaratasi chenye tarehe. Pembeni yake kulikuwa na kopo la rangi ya viatu lililoliwa na kutu, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kopo hilo nilikusudia kulitupa tangu wiki yangu ya kwanza, kwa maana naamini kwamba karakana safi humjenga mtu. Nikafungua bati. Kucha saba zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Nikafikiria jinsi Baba Mkubwa anavyoipenda kazi yake.

Nikafunga ukucha wa kwanza, tukatoka uwanjani kujaribu. Ganda la kwanza likatoka, la pili likabaki. Shangazi alinirudishia bunduki kama anavyorudisha daftari lenye makosa. Nikabadili springi. Ganda likabaki. Nikafunga ukucha wa pili, halafu wa tatu. Nikasafisha chemba inamokaa risasi. Nikalaumu risasi, nikalaumu mafuta, nikaanza kueleza habari za msuguano, Shangazi akaniambia msuguano anaujua, ameolewa nao. Kutoka kwenye benchi Bwana Pasi aliuliza kwa upole kama tunahitaji msaada, kisha akavaa glavu moja.

Saa tatu na nusu Baba Mkubwa aliingia, shavu limevimba kama ameficha chungwa, mdomo umejaa pamba. Daktari alikuwa amemkataza kuongea mpaka jioni. Shangazi akamweleza yote niliyoyafanya na mengine ambayo sikuyafanya. Baba Mkubwa akautoa ukucha wangu wa tatu, akanyofoa pamba kidogo kwenye bunda alilopewa na daktari, akaipitisha taratibu juu ya ncha. Pamba ikanasa. Palikuwa na ufa pale. Lenzi ingeuonyesha, ila ukucha huo sikuwa nimeuangalia kwa lenzi, kwa sababu ulitoka kwenye bati zuri.

Akaonyesha bati, akapitisha kidole shingoni. Nikadhani ananitishia. Akalionyesha tena, akafumba macho, akakunja mikono kifuani. Shangazi ndiye aliyemwelewa, maana wamelelewa chumba kimoja.

"Hao ni marehemu," alisema. "Kaka yangu anawalaza marehemu kwenye bati la biskuti."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila kipuri kilichomvunjikia alikihifadhi humo ili asisahau kilivunjikaje. Tarehe niliyodhani ni ya kununuliwa ilikuwa ya kifo, na sababu iliandikwa nyuma ya karatasi. Vizima vilikaa kwenye kopo la kutu. Wezi walishaingia karakana ile mara mbili, na mara zote mbili waliondoka na bati la wakati huo, kopo wakaliacha.

Baba Mkubwa akafungua kopo, akatoa ukucha uliofungwa kwenye karatasi yenye grisi, akaufuta na kuupitishia pamba. Pamba ikateleza. Nilimpisha mezani aufunge. Akaniwekea mimi kiganjani. Zilibaki dakika nane. Niliudondosha mara mbili, na mara zote blanketi likanisitiri.

Mbele ya mkaguzi Shangazi alifyatua risasi tano bila kupumzika. Maganda manne yaliangukia majanini. La tano liliruka mpaka kwenye paja la Bwana Pasi, juu kabisa ya mstari wa pasi wa suruali. Akalitoa kwa vidole viwili, akalipuliza, akamletea Shangazi. Kisha akavua glavu.

"Miavuli iko nyuma ya mlango," Shangazi alimwambia bila ubaya. "Chupa yangu ni ya bluu."

Mchana, milio ya mashindano ikisikika uwanjani, Baba Mkubwa aliulaza ule ukucha uliomeguka ndani ya bati, kwenye karatasi mpya. Nilisogea kusoma sababu. Aliandika: "Huyu alikufa kwa uzee. Jirani zake watatu walifufuliwa na msomi, wakafa tena."

Kisha akanisukumia tena ufunguo wa karakana niliokuwa nimemrudishia, akaenda kumtazama dada yake.